Kinga Yangu na Maharage ya Mama Mkwe

Matogoro, Songea
Jumatano

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Mzee Gaspari,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti linakuruhusu kupanda kilima. Nimepokea wito wako wa kufika barazani Jumamosi kujibu shauri la mama mkwe wangu, Mama Mariana, kuhusu matuta manne ya maharage. Kwa heshima zote naukataa wito huo, na sababu zangu ni hizi:

1. Mimi ni askari mstaafu wa kulinda amani. Tulipokuwa nje ya nchi, mkataba ulisema wazi: askari hashitakiwi na mahakama za nchi aliyopo, akikosa, anashitakiwa kwao. Sasa, kwetu ni Lusewa. Hapa Matogoro nipo ukweni, na ukweni ni ugenini hata ukikaa miaka tisa. Shauri lipelekwe Lusewa, likasikilizwe na kaka yangu Cornel. Ni mtu wa haki sana. Nimeshampigia simu, na uchunguzi wake umekamilika: sina kosa.

2. Tukio lenyewe lilikuwa la kikazi. Niliazima bajaji ya Remmy ili niwaonyeshe majirani jinsi msafara wa kijeshi unavyogeuka kwenye njia nyembamba. Msafara uligeuka vizuri. Maharage ndiyo yaliyopandwa vibaya.

3. Haki za binadamu. Watu wanazitaja za Mama Mariana tu, kana kwamba mimi si binadamu. Tangu siku ile mke wangu Ludovika ananipakulia ugali na chumvi. Anasema maharage ni kielelezo cha ushahidi, hayaliwi mpaka shauri liishe.

4. Hata nikija, mila hairuhusu. Unajua mwenyewe kwamba mkwe haangaliwi usoni. Nikimwona njiani nakatiza porini, naye hujifunika kanga. Nitajibuje shauri nikiwa nimegeukia ukutani? Naomba basi paning'inizwe pazia, au bora zaidi, mlalamikaji asiwepo. Na nikifikiri sana, hata shauri lisiwepo.

5. Naomba mtaa wote utangazwe kuwa eneo la operesheni, nami niruhusiwe kuvaa bereti yangu ya bluu gulioni na kanisani, ili kinga ionekane kwa mbali.

Nasikia Mama Mariana hataki fidia. Anataka tu nimwambie kwa kinywa changu kwamba niliyeyakanyaga ni mimi. Mzee, hilo ndilo linalonishinda, na ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Wasalimie Mama Dorine, wajumbe wote wa baraza, na wanakwaya wenzangu wa sauti ya nne.

Niliye imara katika ulinzi wa amani,
Sajenti (mstaafu) Wendelini Mapunda

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Ludovika ameisoma barua hii akaniuliza kama kule nje kuna mtu aliyewahi kutulalamikia. Yupo. Gari letu liliharibu shamba la mihogo la mama mmoja. Alikuja getini siku tatu mfululizo, na mlinzi wa geti nilikuwa mimi. Hakutaka fidia, alitaka mtu atoke aseme ni sisi. Nilimwambia aandike barua, ipelekwe kwetu Tanzania. Nilimwambia hivyo huku nikiangalia ukutani, na yule mama hakuwa mkwe wangu. Jumamosi nitafika. Pazia liwekwe kwa ajili ya mila tu. Sauti yangu ataisikia.