Esta kwa Njia ya Mkato

Jumatatu, 4 Machi
Meza ya dirishani hapa maabara iko wazi! Aliyekuwa nayo kastaafu. Profesa katangaza kwamba atakayemletea kwanza esta safi, kemikali ile inayonukia dawa ya kuchua, meza ni yake. Hatua tano, na kila hatua iachiwe sampuli kwenye chupa yake. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Dada Taratibu, ambaye hata chai huipima joto. Namhurumia.

Jumanne, 5 Machi
Hatua ya kwanza, mchanganyiko umegeuka lami! Imeganda chini ya chupa, haitoki kwa sabuni wala kwa matusi. Taratibu kachungulia, kanipa pole. Pole yake inaudhi kuliko kicheko.

Jumatano, 6 Machi
Nimerudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe yuko sebuleni, anachua magoti. Harufu ikanipiga puani. Ndiyo yenyewe! Hatua zote zimeshafanywa kiwandani, mimi nahangaika na lami! Nikamwambia mama kopo lake la dawa nitamwekea mahali salama. Akasema hajapata kuona mkwe mwenye huruma hivi. Roho ikanisuta kidogo. Nimelala fofofo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechemsha dawa ya mama, nikakinga mvuke. Matone maangavu! Nikajaza chupa zote tano, nikazibandika namba. Taratibu yuko hatua ya tatu, maskini. Profesa kanusa chupa ya tano, katabasamu. Kanusa ya nne. Ya tatu. Kufika ya kwanza, machozi yanamtoka. Akauliza imekuwaje chupa ya kwanza, ambayo bado ni malighafi, inukie sawasawa na esta. Nikajibu kwamba mimi hufanya kazi kwa usafi sana. Taratibu akashikwa na kikohozi, akatoka nje.

Ijumaa, 8 Machi
Meza kapewa Taratibu. Imeniuma, sifichi. Mimi nimehamishiwa kando ya sinki. Mama mkwe kalikuta kopo lake tupu; sasa analalia jipya, nililomnunulia mwenyewe, na hanisemeshi. Lakini sinki si baya hata kidogo! Kila anayekuja kuosha vyombo huja na umbea wake. Nimecheka kutwa nzima.

Jumatatu, 11 Machi
Profesa katangaza esta nyingine, yenye harufu ya asmini. Hatua sita, na mshindi atachagua meza anayoitaka. Mke wangu ana chupa ya manukato kabatini, asmini tupu! Na kosa la juzi nimeligundua: nilijaza chupa zote. Safari hii nitajaza ya sita tu. Hizo tano nyingine nitatia maji.