Mkanda wa Haji Athman

Jumatatu, 25 Agosti 1986

Alhamdulillahi! Shangazi Shekha kaniletea habari njema. Mzee Athman, baba yake Kaltuma, anarudi kutoka Makka Jumamosi, na kabla ya kuondoka aliacha amri: hapandi gari lisilo na mkanda kiti cha mbele. Mwaka jana dashibodi ya gari la kukodi ilimng'oa meno mawili. Hapa Mambrui magari ya kukodi ni mawili tu. Datsun ya Abdalla mikanda yake aliikata zamani akafungia magodoro juu ya keria. Pijo yangu inayo. Kwa hiyo mimi, Amin, ndiye nitakayemleta mkwe wangu! Hajawa mkwe bado. Posa yangu imelala kwake tangu Rajabu, na Abdalla naye kapeleka yake. Lakini kutoka Mombasa ni safari ndefu, na Mzee atakuwa amefungwa. Atanisikiliza.

Nimekwenda kuutazama mkanda wenyewe. Kuvu. Damu ya papa niliowabeba. Ukiuvuta unakuja, ukiuachia haurudi.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemwendea fundi Dena. Kasema maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini, halafu uanikwe kivulini, na usirudishwe ndani ukiwa mbichi. Basi. Nikamshukuru sana. Mtu mwema.

Lakini sabuni! Sabuni ni ya masufuria. Haji mzima anarudi kutoka Makka, nimpe mkanda wa sabuni? Nimenunua dawa ya kutoa madoa, chupa nzima. Nikauvuta mkanda wote nje, nikauloweka kwenye karai tangu adhuhuri hadi magharibi. Na pale ndani unapojikunja nikatia mafuta ya nazi, vijiko vitatu, uteleze.

Jumatano, 27 Agosti

Mabaka meupe kila mahali. Nyuzi zinachomoka zenyewe. Mafuta yamekusanya mchanga, sasa mkanda haurudi wala hauji. Abdalla alisimama makusudi akauliza kama Pijo imeota mba.

Nimerudi kwa Dena kichwa chini. Kasema dawa imezila nyuzi, mkanda huo hauwezi kumzuia hata kuku. Akaufungua, akautupa. Akanifungia mwingine, mzima kabisa, aliouvua kwenye gari lililooza bodi. Hakutaka hata shilingi. Machozi yalinilengalenga. Akaniapisha: sabuni na maji, dawa marufuku. Nikaapa.

Alhamisi, 28 Agosti

Mkanda wa Dena ni wa kahawia iliyopauka. Wa upande wangu ni mweusi. Haji atadhani nimeuokota. Nimewaza sana. Mtu akiwa na harusi hujipamba na nini? Hina! Nilijishangaa mwenyewe. Hina si dawa ya madoa, kwa hiyo kiapo kiko palepale. Shangazi kanikorogea bakuli zima, Mungu amzidishie, akidhani ni ya miguu ya jirani. Nimepaka mikanda yote miwili, mbele na nyuma.

Ijumaa, 29 Agosti

Imekauka. Nyekundu ya kupendeza! Nikaifukiza na udi. Shangazi kaona, kasema hina hushika ngozi, haishiki nailoni. Nimemshukuru. Hajui magari.

Jumamosi, 30 Agosti

Sijui nianzie wapi. Haji alitoka uwanja wa ndege na kanzu mpya, nyeupe pe. Nikampa shikamoo, nikambusu mkono. Akajifunga mkanda mwenyewe, akanusa, akasema mashallah. Joto kali, jasho linamtiririka. Mtwapa nikamweleza tabia zangu. Kwenye feri ya Kilifi nikamweleza ukoo wangu. Tulipofika Kibarani, ile ya Kilifi, nikaingia kwenye posa, nikageuka nimtazame usoni kama mwanamume.

Mbuzi!

Breki zikalia mpaka watu wakatoka majumbani. Haji akaenda mbele, mkanda ukambana, ukamrudisha kitini. Akagusa meno yake, moja moja. Yaliyobaki yote yapo. Akalia. Nami nikalia. Mbuzi akaenda zake bila hata kututazama.

Mambrui vigelegele vilianza, kisha vikakatika ghafla. Haji kashuka. Toka begani hadi kiunoni, mstari mwekundu juu ya kanzu ya Makka! Abdalla kashika tumbo kwa kucheka. Kaltuma kajifunika uso na buibui. Nilitamani ardhi inimeze.

Haji akajitazama. Akawaambia watu habari za mbuzi, kisha akasema mstari ule ndipo Mungu alipomshikia, na kanzu ile haifuliwi. Akanigeukia, akasema wazee wangu waje Ijumaa, posa imekubaliwa. Alhamdulillahi, mara mia! Namshukuru Haji, namshukuru Dena, namshukuru hata yule mbuzi.

Jumapili, 31 Agosti

Nimempelekea Dena halwa. Kafurahi, lakini kashikilia kwamba mkanda ulishika kwa sababu ulikuwa mzima, hina haikufanya lolote ila kuharibu kanzu. Kasema pia mkanda ukishabana kwa nguvu namna ile hauaminiki tena, ubadilishwe, na huo mwingine nioshe kwa sabuni na maji. Nikamkumbatia. Sikutaka kumvunja moyo. Mimi najua kilichoutia nguvu.

Kitu kimoja tu kinaniudhi. Zile kelele za breki pale Kibarani, mbele ya mkwe wangu! Aibu. Bila shaka breki zimekauka. Na kesho nampeleka Haji Malindi.

Bahati nzuri mafuta ya nazi yamebaki nusu chupa.