Kwaya Yangu na Jirani wa Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Msimamizi wa kituo cha burudani ametangaza kwamba jioni za Jumamosi ukumbi mkubwa utabaki na kundi moja tu, lile lenye watu wengi. Jingine litahamia stoo ya mipira. Ataamua Jumamosi ya wiki ijayo.

Kwa sasa tunagawana ukumbi kwa pazia. Upande huu kwaya yangu: mke wangu, dada wawili wa saluni, na fundi cherehani tunayemwita Besi. Upande ule mazoezi ya viungo ya kijana aitwaye Misuli. Ana spika kubwa kama kabati, na watu wamejaa mpaka mlangoni.

Mimi ni fundi friji. Mchana kutwa nazungumza na mashine. Ni Jumamosi tu ambapo watu hunitazama na kusubiri mkono wangu uinuke. Stoo siendi!

Jumatano, 5 Machi

Misuli hufundisha Jumatano pia. Nimeingia mazoezini kwake kama mpelelezi, nimwibie watu kutoka ndani. Nilivaa kaptula ya ujana wangu. Ilikataa kufunga, nikaisaidia kwa pini. Nikamnong'oneza mama mmoja kwamba ana sauti ya kwaya. Alikuwa akihema, hakujibu. Nimechukulia kwamba amekubali.

Kisha likaja zoezi la kuchuchumaa na kuinuka. Kuchuchumaa nilichuchumaa. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Misuli alinibeba mgongoni hadi kwenye benchi, huku akiniita kaka. Watu wakapiga makofi. Hata mke wangu, aliyekuja kunichukua!

Alhamisi, 6 Machi

Miguu si yangu. Leo nimetengeneza friji ya mteja nikiwa nimelala chali sakafuni. Mwenyewe alinipa pole, akaniletea mto.

Jioni, usaliti. Mke wangu anasema anahamia kwa Misuli kwa sababu ya mgongo wake. Nikamuuliza mgongo umeanza kuuma lini. Akasema jana. Dada wa saluni nao wanamfuata. Nikasusa chakula. Baadaye njaa ilinizidi, nikala kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Spika ndiyo roho ya Misuli. Bila muziki watu watatawanyika. Kabla hawajafika nikapenya nyuma ya pazia, nikakata waya mmoja mdogo ndani ya spika. Kazi safi!

Punde Misuli akaja mbio, msimamizi nyuma yake. Akasema kaka ni fundi, awaokoe. Nikafungua spika, nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema ugonjwa ni mkubwa na kipuri lazima kiagizwe mbali. Nilifurahi mpaka nikaogopa uso wangu utanisaliti.

Misuli hakununa hata kidogo. Akawaza, kisha akasema basi Jumamosi ijayo kwaya ya kaka iwaimbie wao wakiruka. Akaongeza kwamba shemeji humsimulia sana kipaji changu. Shemeji! Lini amekuwa ndugu yangu? Msimamizi akaona ni wazo zuri mno. Nami mbele yake ningesema nini? Nikakubali, meno nje.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata dawa yao. Nitachagua wimbo wa polepole kuliko zote, ule wa kuaga marehemu. Nani ataruka kwa wimbo wa msiba? Watasinzia, watarudi makwao, hesabu ya Misuli itaporomoka.

Besi analalamika kwamba kwaya ya watu wawili ni aibu. Nimemwambia aibu ni mmoja. Wawili ni kwaya.

Jumamosi, 15 Machi

Pazia likafunguliwa. Nikapanda juu ya kiti, nikainua mkono. Besi akaanza, taratibu, kwa huzuni ya kweli. Misuli akawaambia watu wake wachuchumae na wasiinuke mpaka mstari uishe. Na mstari wa Besi hauishi leo! Mapaja yakatetemeka, jasho likamwagika, watu wakapiga kelele za furaha. Walisema hawajawahi kupata zoezi kama hilo.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikamfanyia Besi ishara anyamaze. Ukumbi mzima ukafanya ishara ile ile. Nikawapungia waondoke. Wakapunga. Nikarusha mikono juu kwa kukata tamaa. Wakarusha mikono juu! Nilipogeuka kumtafuta Besi, alikuwa mstari wa mbele kando ya mke wangu, anapunga kwa bidii, mdomo umefungwa.

Msimamizi alitokwa na machozi. Akatangaza papo hapo kwamba makundi yameungana, ukumbi ni wetu sote, na wa kusimama mbele ni mimi. Misuli akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Jumapili, 16 Machi

Ushindi! Nilijua tangu mwanzo kwamba mtu mwenye akili hashindwi na spika. Sasa kwaya yangu ndiyo kubwa kuliko zote mtaani, na hakuna anayebandua macho kwangu. Nimefurahi, nasema ukweli. Asubuhi nimejitazama kwenye kioo nikiinua mkono.

Mke wangu amesema kwa upole kwamba jana hakuna aliyeimba. Nimemwambia huo ni wivu. Waimbaji nitawatoa darasa la uchoraji ghorofani, ambako watu hukaa kimya jioni nzima na sauti zao zinaoza bure. Kesho naenda kujiandikisha huko. Kuchora sijui, lakini kazi yenyewe ni kukaa tu. Itanishindaje?