Hotuba ya Kuzindua Sistimu ya Kuandika Kipandauso

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa aliyeuleta huo udhuru, Daktari wetu, Sista wa chumba cha kwanza, wafagizi na walinzi wa zahanati hii, wanafunzi mlioletwa kupiga makofi, wagonjwa mliopata viti na mliokosa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mlinzi anamwamsha mgonjwa mmoja ili naye apige.)

Mimi, kama mnavyonifahamu, ni Mkurugenzi wa Uratibu wa Uandishi wa Magonjwa, na kwa unyenyekevu wangu, ambao wataalamu wameupima na kuukuta ni asilimia mia moja na nne, nimekuja kuzindua Sistimu Jumuishi ya Kidijitali ya Kuyapa Maradhi Namba, ambayo imo ndani ya sanduku hili lililofunikwa kitambaa cha bluu, na ambalo naomba lisiegemewe.

Ndugu wananchi, kabla yangu hali ilikuwaje? Mtu akiumwa kichwa kwa homa, faili lilisema "kichwa". Akigongwa na dirisha, "kichwa". Akishikwa na kipandauso chenyewe, kile kinachopiga nyundo upande mmoja, kikaleta kutapika na kuchukia mwanga, faili likasema vilevile "kichwa". Na dirisha la dawa, kwa kuwa husoma faili na si uso wa mtu, lilimpa kila mmoja vidonge vyeupe viwili na kumwambia anywe maji mengi. (Sauti: "Mpaka leo!") Asante kwa fidibaki.

Mfano hai ni shangazi yangu, fundi cherehani, yule pale mbele mwenye miwani ya jua. Shangazi, punga mkono. (Shangazi: "Punguza spika kwanza, baba. Kichwa changu si ngoma.") Mama huyu ndiye anayeshona sare za shule. Kipandauso kikimpanda huona vimulimuli mchana kweupe, na juzi juzi alimshonea binti mmoja blauzi yenye mikono mitatu. (Kicheko. Binti anasimama, anaupunga ule wa tatu.) Shule inafunguliwa Jumatatu, vitambaa vya darasa zima vinamngoja, na anachohitaji ni neno moja tu, kipandauso, liandikwe kwenye faili lake ili apewe dawa inayomfaa. Neno moja! Nikasema: neno moja ni kazi ndogo mno kwa ofisi yangu, tulifanyie mradi. (Makofi.)

Tulianza kwa semina elekezi, iliyohudhuriwa na mastekiholda wote isipokuwa wagonjwa, ambao siku hiyo waliumwa. Wataalamu wa dunia wamekipa kipandauso namba G43, na kile chenye vimulimuli G43.1. Kamati yangu ya Tafsiri ikajifungia hotelini ikalichambua neno lenyewe: ki-panda-uso. Ikajiuliza, kinachopandwa ni nini? Mazao. Na hiyo G? Bila shaka ni Ghala. Hivyo, kwa umakini mkubwa, kipandauso kikaingizwa Sura ya Kilimo, katikati ya karanga na kunde. (Kicheko kirefu.) Msicheke, kialfabeti iko sawa! Na matokeo yalikuwa ya haraka, kwani shangazi alipoomba dawa, alijibiwa kwa mfuko wa mbolea wenye muhuri wa serikali. (Shangazi: "Mchicha umekubali, sikatai. Kichwa ndicho kilichogoma!")

Changamoto hiyo tunaifanyia kazi katika awamu ya pili ya implimentesheni, ambapo... samahani, nani anamulika? (Hakuna anayemulika.) Kuna mistari inametameta hapa pembeni mwa karatasi, kama meno ya msumeno. Mpiga picha, zima taa yako. (Mpiga picha: "Mheshimiwa, kamera haina hata betri.") (Shangazi: "Wewe, umeona vimulimuli?") Sijaona vimulimuli, shangazi. Mimi ni kiongozi, naona dira. (Shangazi: "Dira ina meno? Kaa chini, mwanangu. Hicho ni cha ukoo wetu, hata baba yako kilikuwa kikimlaza.")

Sista, mbona unaandika? Umeandika nini? (Sista: "Kichwa, Mheshimiwa.") Kichwa hivihivi? Kama mtu aliyegongwa na dirisha? (Sista: "Ndio utaratibu. Vidonge viwili, na maji mengi.") Lakini hiki kimepanda upande wa kushoto, kinapiga nyundo, na hilo jua mbona linapiga kelele? Andika kipandauso! (Sista: "Hatujaruhusiwa kuandika hivyo, Mheshimiwa, mpaka ofisi iidhinishe.") Ofisi ya nani? (Umati: "Yakooo!") Polepole, jamani. Basi naidhinisha. Andika kwa kalamu, herufi kubwa: KIPANDAUSO, G43.1, chenye vimulimuli. Na chini yangu... hapana, juu yangu, mwandike shangazi. Yeye ametangulia. (Sista anaandika, faili la shangazi likitangulia. Vigelegele vinaanza, vinazimwa kwa huruma. Shangazi anavua miwani yake, anamvisha Mheshimiwa.)

Sista, hiyo kazi imechukua muda gani? (Sista: "Pumzi moja, Mheshimiwa.") Pumzi moja. Sawa. Iingizwe kwenye mafanikio yangu.

Sasa kaulimbiu, na mniitikie kwa kunong'ona. Kila kichwa! (Umati, kwa kunong'ona: "Na jina lake!") Kipandauso! ("Si mbolea!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao tukipata anwani yao tutawaandikia. Namshukuru kinyozi wa jirani kwa kutuazima sanduku la televisheni yake, ambamo sistimu ingekuwemo kama ingekuwepo. Namshukuru Sista kwa kalamu, ambayo mpaka dakika hii ndiyo sistimu pekee tuliyoizindua. Na hicho kitambaa cha bluu mrudishieni shangazi, ni cha sketi za wanafunzi. Asanteni sana, na tafadhali msipige makofi.

(Kitambaa kinaondolewa. Sanduku ni tupu. Shangazi anakikunja kitambaa, anakitia kwapani, anashika njia ya dirisha la dawa, faili mkononi. Akimpita binti anamwambia: "Jioni niletee ile blauzi, mwanangu, nitoe mkono mmoja.")