Miguu Haimo Katika Mtihani

Sanduku la umeme lililia pii gizani, mara moja, kisha friji ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na uniti zimekwisha. Sikuhangaika na taa, kwa sababu simu yangu iliwaka yenyewe kwa Tangazo Kuu:

"Bodi ya Tathmini ya Tiba ya Hatua ya Juu ina fahari kuutangazia umma wa Durban kwamba leo, saa nne kamili, itafanyika Tathmini ya Mwisho ya Wanagenzi. Wanagenzi wote wahudhurie bila kukosa. Mwanagenzi ni mmoja."

Nililiandika mimi. Lakini tangazo likikurudia lina muhuri, hata wewe uliyeliandika unajikuta umekaa wima kitandani. Mimi ni Katibu wa Bodi. Nimesoma masomo ya jioni miaka mitatu, na siku moja, Mungu akipenda, nitakuwa Katibu Mwandamizi. Nilimwamsha binti yangu Mireille, wa miaka mitano, nikamvalisha soksi kwa kupapasa. Chekechea walikuwa wamefunga. Bodi haijapitisha sera yoyote kuhusu watoto, kwa hiyo hakuna kifungu kinachomkataza kukaa kikaoni.

Kwa asiyejua: muuguzi wa hatua ya juu ni yule anayeruhusiwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila kumsubiri daktari. Kliniki za upande wa Isipingo zinawalilia watu hao usiku na mchana. Ndiyo maana Bodi inawalinda sana. Katika miaka sita tumewatahini wanagenzi arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyefaulu. Wengine wangeona aibu. Sisi tumelichapisha hilo kwenye kalenda, chini ya picha ya Mwenyekiti: "Kiwango Kisichochafuliwa."

Wa arobaini na mbili alikuwa Mama Gracieuse. Miaka tisa muuguzi kwao Bukavu, minne mwanagenzi kliniki ya Isipingo, karibu na rank ya taxi, yaani stendi ya mabasi madogo. Mkataba wake ulikuwa wazi: akifaulu, chumba cha kupimia wagonjwa kinakuwa chake. Akianguka, anatolewa chumbani kesho yake, anawekwa mlangoni kugawa namba, na chumba kinafungwa mpaka apatikane aliyefaulu.

Lazima nieleze kuhusu mgonjwa wa mtihani. Zamani tulitumia wagonjwa wa kweli, lakini walileta usumbufu. Mmoja alikohoa kabla ya zamu yake. Mwingine alifariki wiki mbili baadaye bila kuitaarifu Bodi. Tukaajiri waigizaji, nao wakataka chakula cha mchana. Sasa mgonjwa ni Mwenyekiti mwenyewe, Profesa Ruphin, ambaye ana uzoefu mrefu wa kulalamika. Ugonjwa umeandikwa ukurasa wa nne: kikohozi cha siku tatu. Jibu sahihi liko ukurasa wa tano: kikohozi cha siku tatu.

Saa nne kamili, ofisini kwetu Morningside, Profesa alipanda kitandani na suti yake na viatu vyake vyenye ncha. Bwana Yakoob, Mwangalizi wa Muda, akabonyeza saa.

"Karibu, papa," Mama Gracieuse akasema, maana kwao baba huitwa hivyo. "Unaumwa nini?"

"Nakohoa." Profesa akakohoa mara tatu, kama ilivyoandikwa.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Mpaka hapo alikuwa na alama zote. Angesema neno moja tu, kikohozi, tungekunywa chai. Badala yake akasema:

"Sharp, sawa. Sasa toa viatu, papa."

Bwana Yakoob akasimamisha saa. "Dada, mgonjwa anakohoa kwa mdomo."

"Nimesikia, anko. Lakini kwangu kila mtu anatoa viatu. Watu wangu wanauza nyanya pale rank, wamesimama toka asubuhi. Ukiwauliza, wanakwambia niko sawa, mama, nipe tu dawa ya kichwa. Viatu vikitoka, ndiyo naona habari yenyewe."

Tulipekua kanuni. Hazikuruhusu viatu kuvuliwa, na hazikukataza. Profesa akanyoosha mguu kwa heshima zote za cheo chake.

Kiatu cha kushoto kiligoma. Mama Gracieuse akakivuta taratibu, kikatoka pamoja na pini. Ilikuwa ile ya kubandikia matangazo, yenye kichwa chekundu, ambayo mimi ndiye huagiza kwa boksi. Ilikuwa imepita soli, ikapita soksi, ikaingia kisiginoni.

"Papa, hii haikuumi?"

"Ipi?" Profesa alikuwa anatazama dari.

"Nikigusa hapa?"

"Unagusa wapi?"

"Na hapa?"

"Anza basi kugusa, mama, tuna ratiba."

Alikuwa ameshagusa mguu mzima. Nikakumbuka kwamba tulibandika tangazo la mtihani Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Nikalisema hilo. Nikakumbushwa kwamba Katibu huandika, hasemi.

"Papa, mguu wako hausikii kitu," Mama Gracieuse akasema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. "Unakunywa maji mingi? Usiku unaamka kukojoa?"

"Hayo hayamo kwenye karatasi!"

"Naogopa iko sukari. Tupime damu leo. Na hiki kidonda tukioshe leo."

Bodi ilijitenga kwa faragha, yaani ilivuta pazia. Kumbukumbu za kikao ninazo. Iliamuliwa kwamba pini ni mali ya Bodi, irudishwe kabatini. Iliamuliwa kwamba miguu haimo katika mtihani. Iliamuliwa pia kwamba mtahiniwa amegundua ugonjwa ambao Bodi haikuuidhinisha, na amefanya hivyo mbele ya mashahidi, jambo linaloongeza uzito wa kosa. Profesa alitia saini akiwa na kiatu kimoja: HAKUFAULU. Mpaka Bodi itakapokaa tena, asimguse mgonjwa yeyote.

Mama Gracieuse aliisoma barua, akaikunja mara nne. Akaitia mfuko wa sare yake, upande wa moyo. Hilo sikuliandika, halina safu yake kwenye fomu.

"Sawa, nimeanguka," akasema. "Lakini hiyo mguu, papa, nenda uoshe."

"Bibi, yule alikuwa mgonjwa wa kuigiza."

"Mgonjwa ni wa kuigiza. Mguu ni wako."

Wiki tatu zikapita kwa ufanisi. Mwenyekiti alianza kuchechemea, na Bodi ikaliita hilo mwendo wa tafakuri. Chumba cha mikutano kilianza kunuka, nami nikaandika, kwa maelekezo, "hewa ya chumba inazidi kukomaa." Mwishowe Profesa aliniita akiwa amepandisha mguu juu ya meza, umevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye maji.

Daktari wake wa mtaani alikuwa tayari kumwona. Kilichozuia ni Waraka Namba Kumi na Saba: afisa wa Bodi hatapokelewa na daktari yeyote kwa bima yetu kabla hajapimwa na muuguzi wa hatua ya juu aliyefaulu mtihani wetu. Waraka huo uliandikwa na Profesa mwenyewe, ili kuwapa heshima wahitimu.

"Nitafutie aliyefaulu," akasema.

Nikapekua mafaili yote arobaini na mawili. "Hakuna, Profesa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Iko kwenye kalenda."

Akaniambia niibandue kalenda.

Ndivyo Bodi nzima ilivyojikuta Isipingo: Profesa, Bwana Yakoob na saa yake, mimi na muhuri, na Mireille na kalamu zake za rangi. Kliniki ilikuwa imejaa. Daktari huja Jumanne tu, na siku hiyo haikuwa Jumanne. Mlangoni alisimama Mama Gracieuse, akigawa namba. Nyuma yake chumba cha kupimia kilikuwa na kufuli.

"Mama Gracieuse, niangalie mguu."

"Siwezi, papa." Akatoa barua mfukoni, ile iliyokunjwa mara nne. "Umeandika nisiguse mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa, mimi ni Mwenyekiti!"

"Eish. Kama hauko mgonjwa, basi rudi nyumbani."

Bodi ikakaa kikao cha dharura cha kumtahini upya, kwenye benchi, kati ya mama mwenye gunia la vitunguu na mzee mwenye jicho jekundu. Akidi ilitimia. Bwana Yakoob alijaribu kuuliza kama mgonjwa anaruhusiwa kukohoa kwanza, kwa ajili ya utaratibu. Profesa akamtazama, naye akabonyeza saa.

"Mtahiniwa, anza."

"Toa viatu."

Cha kushoto kilikuwa kimeshavuliwa. Mama Gracieuse akainama, akatazama kisigino, akatazama vidole, hakugusa. Akasimama wima.

"Nimeona. Lakini kuendelea nahitaji ruhusa."

"Amefaulu!" Profesa akapiga kelele, na mama wa vitunguu akasogea pembeni. "Katibu, andika! Amefaulu!"

Nikaandika juu ya goti. Fomu ilitaka sababu. Profesa akaninyang'anya kalamu, akajaza neno moja: miguu. Nikagonga muhuri kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, nakiri.

Mama Gracieuse aliisoma karatasi mara mbili. Mara ya pili midomo yake ilikuwa inatembea. Kisha akavaa glavu, akabonyeza mguu, akapima joto, akamtoboa kidole.

"Sukari ishirini na mbili. Homa hakuna. Iko mbaya, papa, lakini hautakatwa. Leo tutaosha, utaanza dawa, na barua ya hospitali nitakuandikia." Akafungua kufuli la chumba. "Lakini iko mtoto pale hapumui vizuri, huyo naanza naye. Na wale wamefika toka saa kumi na moja. Shika."

Akampa namba: hamsini na nane. Akambeba mtoto, akaingia naye pamoja na mama wa mtoto, mlango ukafungwa.

Profesa akaigeuza ile namba, labda nyuma imeandikwa nyingine. Akainuka. Akachechemea kupita mama wa vitunguu, akapita mzee wa jicho, akashika kitasa cha mlango. Bwana Yakoob akaitazama saa. Mimi nikautazama muhuri. Hatukuwa na kifungu.

Mireille akainua kichwa kutoka kwenye kalamu zake.

"Babu, mstari unaanzia kule nyuma," akasema.