Lori la Majani Lilivyonirudisha Merigi

Leo nimepatikana, na nimepatikana vibaya. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Merigi, kwa sababu wao wataongeza chumvi na hii stori haihitaji chumvi.

Mnajua leo ndiyo siku niliyoanza safari ya Kigali. Kwa baiskeli. Peke yangu. Nimewasumbua na habari hiyo mwaka mzima humu kwenye grupu. Ni mimi niliyeandika jana kwa herufi kubwa kwamba sitapanda gari hata moja mpaka nione Rwanda kwa macho yangu. (Msiitafute hiyo meseji. Nimeshaifuta. Nasikia kuna mtu ameihifadhi. Mungu anakuona.)

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Kakangu mkubwa, Wesley, aliitisha kikao cha familia, utadhani nimeiba ng'ombe wa kanisa. Akasema msichana mzima, mwenye cherehani yake pale sokoni na wateja wake, anatafuta nini huko Uganda na Rwanda? Mama akatoa hukumu.

"Mimi sitaki uende. Lakini kama ni kuenda, enda. Ukirudi hapa kabla hujavuka mpaka, hiyo pasikeli tunauza, na sitaki kusikia hiyo maneno tena."

Wesley akapiga makofi. Nikakubali masharti palepale. Nikasimama, nikashika kiuno, nikawaambia, "Hamtaniona!"

(Hamtaniona. Mdomo wangu huu utaniua.)

Asubuhi kina mama wa kanisa walipitia kwetu na vikapu vyao mgongoni, wakielekea kuchuma chai. Mchungaji akaniombea. Aliombea magurudumu, akaombea breki, akaombea polisi wa kila nchi nitakayopita, na nchi nyingine mbili ambazo sipiti. Nilikuwa nimevaa jaketi la njano linalong'aa ambalo nimelishona mwenyewe. Mgongoni nimetia maandishi makubwa mekundu: MERIGI – KIGALI. Kazi safi, hata kama ni mimi ninasema.

Mama alinimiminia mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, kikombe baada ya kikombe. "Kunywa. Huko hakuna." Nikanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha akabeba kikapu chake akaenda zake shambani kabla hata sijapanda baiskeli. Hakunipungia mkono. Hilo liliniuma, sitawadanganya. Nilitoka pale langoni nikiwa nimekaza meno.

Mpaka Bomet nilikwenda vizuri ajabu. Kuna mteremko niliushuka nikiimba! Baada ya Bomet mji, jua likapanda, na yale maziwa yakaanza kunidai usingizi. Halafu, kabla ya Sotik, nikakutana na mlima. Huo mlima nimeupita kwa gari tangu utotoni na sikuwahi kujua kama ni mlima. Nilijua ni barabara tu.

Nikapanda kidogo nikashuka. Nikasukuma. Nikakaa chini. Nikajisemesha, "Chela, watu wamekwenda mwezini." Magoti hayakusikia.

Hapo ndipo likaja lori la majani, lile la kukusanya chai vituoni, likiwa tupu. Likapunguza mwendo. Dereva, mzee mmoja mpole anaitwa Ochieng', akatoa kichwa dirishani.

"Madam, umekwama?"

"Hapana. Napumzika."

"Mimi naenda tu hapo juu, kuna kituo. Nikuinue na huo mlima?"

Nikaangalia nyuma. Nikaangalia mbele. Hakuna mtu. Mlima mmoja tu, nani atajua? Na si gari la abiria, ni la majani. (Hivi ndivyo mtu huanza kupotea, anajiwekea sheria ndogondogo.)

Mbele alikaa yeye na karani wake, hakukuwa na nafasi. Nikapanda nyuma na baiskeli yangu, akafunga turubai. Mle ndani kulikuwa na rundo la magunia matupu, laini, yananukia majani mabichi. Nikasema niegemee kidogo.

Jamani, nililala. Si ule usingizi wa kusinzia, ni usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Nilipoamka lori lilikuwa limesimama. Nje kulikuwa na sauti za kina mama wengi. Wazo langu la kwanza: kumbe watu wa Sotik wanaongea kama watu wa kwetu. Wazo la pili: hata wanakohoa kama wa kwetu. Kisha nikasikia sauti moja, na hiyo sauti ndiyo imeniita mezani maisha yangu yote.

Niko Merigi. Niko kwenye kituo cha majani cha kwetu, pale pale tunapopimiwa chai kila siku, na mama yangu yuko kwenye foleni hatua chache kutoka kichwani mwangu!

(Walikuwa wakiongea Kipsigis. Nawatafsiria. Bot Chela ni Mama Chela.)

Mama mmoja jirani alikuwa anamchokoza. "Bot Chela, na akichoka arudi?"

"Arudi wapi?" Huyo ni mama yangu. "Huyo msichana wangu? Saa hii anaona Kisumu. Kesho kutwa yuko Uganda anakula matoke."

"Si ni wewe ulikuwa unakataa?"

"Nilikataa kwa sababu naogopa. Lakini hicho kichwa kigumu ni changu, hakukitoa kwa baba yake. Huyo akisema anaenda, anaenda. Hamtamwona hapa leo wala kesho."

Nilitaka kulia. Mwanamke aliyekataa hata kunipungia mkono alikuwa anajigamba kwa ajili yangu mbele ya kituo kizima. Na mimi huku nyuma yake nimelala juu ya magunia, na jani la chai mdomoni. Sikuwahi kumpenda mama yangu kama dakika hiyo, na sikuwahi kutamani ardhi inimeze kama dakika hiyo.

Nikapanga haraka. Nijifunike, ninyamaze, lori likiondoka niondoke nalo. Nikavuta magunia yote juu yangu mpaka kichwani. Mpango mzuri kabisa, isipokuwa nilisahau lori la majani huja kituoni na magunia kwa ajili gani.

"Haya, leteni gunia, tuanze kupima!" karani akaita.

Turubai likafunguka. Gunia la kwanza likaondoka. La pili. Nikajikunja, mguu ukagonga usukani wa baiskeli.

Ngriiing!

Mikono ikasimama kwenye magunia.

"Hiyo ni nini?"

"Kengele."

"Tangu lini lori ikakuwa na kengele?"

Gunia la mwisho likavutwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi, kwa hiyo hawakuona uso. Waliona mgongo. Karani akasoma kwa sauti, taratibu, jinsi anavyosoma kilo kwenye mizani: "Merigi... Kigali."

Mtu fulani huko nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Kwani amefika?"

Wacha! Watu walicheka mpaka vikapu vikamwagika. Mama mmoja alijishikilia kwa nguzo ya kituo. Mchungaji, ambaye naye alikuwa kwenye foleni na majani yake, aligeuka akaangalia mbali, lakini mabega yalikuwa yanatetemeka. Wesley naye alikuwepo, ameleta majani yake; alikaa chini kwenye gunia lake, machozi yanamtoka.

"Safari imeisha!" akasema alipopata pumzi. "Baiskeli kesho iko sokoni!"

Mama hakucheka. Alikuja pole pole mpaka kwenye lori. Nikakaa. Nikavua helmeti, sijui kwa nini, labda heshima. Ochieng' maskini akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.

"Mama, pole sana. Nilifika juu ya mlima nikagonga chuma ya lori, nikasema madam, shuka. Kimya. Nikajua ameshashuka na baiskeli yake. Halafu nikapigiwa simu ati lori ya huku imekwama kwa matope, nikuje kusaidia."

"Ulimtoa wapi?"

"Kwa mlima ya Sotik. Chini."

"Utamrudisha hapo. Chini. Usimpeleke juu."

Wesley akaruka. "Mama! Si tulikubaliana akirudi—"

"Nani amerudi?" Mama hata hakumwangalia. "Huyu amelala, akaletwa. Kurudi ni mtu ageuze pasikeli na mikono yake. Sasa toa gunia yako hapo, unazuia njia ya msichana wangu."

Hakuna aliyecheka tena.

Tulingoja majani yapimwe na kupakiwa. Foleni nzima ilipita mbele yangu, kila mmoja na swali lake kuhusu hali ya hewa ya Rwanda. Mchungaji akaniombea tena, safari hii kwa ufupi: "Bwana, ni yule yule wa asubuhi. Amina." Mama akasogea karibu akashusha sauti.

"Yale nilikuwa nasema hapo, ulisikia?"

"Yapi, mama?"

"Basi vizuri."

Nyuma kulijaa majani na baiskeli yangu, nikapanda mbele, nikabanwa kati ya Ochieng' na karani. Lori lilipoanza kutoka nilichungulia nje. Mama alikuwa amesimama katikati ya barabara na kikapu chake kitupu, mkono juu. Aliushikilia hivyo hivyo mpaka kona ikamficha. Ochieng' akajifanya haoni ninavyojipangusa uso.

Tulipita kiwandani kwanza kushusha majani, kisha akanishusha chini ya ule mlima. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mzee wa watu akanionea huruma.

"Madam, nikuvushe tu? Hata mama hataona."

Nikaigeuza baiskeli nikaielekeza mlimani. Akawasha gari akaenda.

Niliupanda. Nilisukuma, nikaendesha, nikasukuma, nikautukana mlima kwa lugha tatu. Lakini niliupanda wote, kwa miguu yangu hii, na huko juu nikapiga ile kengele mwenyewe, kwa makusudi.

Sasa niko Sotik kwenye chumba cha wageni, magoti yamevimba, na majani ya chai bado yanatoka kwenye nywele. Mama amepiga simu sasa hivi.

"Uko wapi?"

"Sotik."

"Nani amekuleta?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Lala," akasema, akakata.

Mnaotaka kucheka, chekeni polepole. Kigali ni mbali, na mtachoka kabla yangu.