Mtafiti wa Vilindi Asiyejua Kuogelea

Ndugu msomaji, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa, haya yasitoke kinywani mwako. Mimi ni karani wa masijala tu, na Mkurugenzi akijua nimeyaandika, kibarua changu kitaota nyasi. Hii ndiyo hotuba aliyoitoa jana ukumbini. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikiandika kumbukumbu.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wa meza kuu na wa meza zinazoikaribia, washirika wa maendeleo, wanahabari, na ninyi wengine mliokosa viti, itifaki imezingatiwa. (Makofi.) Dunia inalilia kobalti na nikeli za kutengenezea betri, na madini hayo yamelala kwenye sakafu ya bahari yetu bila kazi yoyote, ndiyo maana chini ya uongozi wangu, ambao wengi mmeusifu hata bila kuombwa, tuliunda kamati ya kupanga mpango wa utafiti, na kamati ndogo ya kuipanga kamati hiyo, hadi utekelezaji ukafikia asilimia tisini na nane, zilizobaki zikiwa ni kwenda baharini. (Makofi meza kuu.) Kuhusu athari za uchimbaji, tulifanya stekholda engejimenti, yaani kuwashirikisha wadau, ya kina: tangazo lilibandikwa ubaoni, ghorofa ya saba, mwezi mzima, na hakuna kiumbe wa baharini hata mmoja aliyejitokeza kupinga. (Mama muuza samaki, kutoka nyuma: 'Lifti yenyewe mbovu, baba. Hata sisi wa nchi kavu hatukufika.' Kicheko. Akatolewa nje.) Alhamisi tunatia saini na mwekezaji, uchimbaji uanze. Vilindi vyetu! (Vichimbwe!) Athari! (Hazipo!) Namalizia kwa shukrani. Namshukuru dereva wangu, aliyeziokota nyuma ya gereji sampuli hizi za madini mnazoziona mezani. Na kwa namna ya pekee namshukuru karani wetu, ambaye jina lake tumeliweka kwenye jalada la ripoti ya utafiti kama Mtafiti Mkuu. Maswali yote, ya leo na ya mahakamani, ataulizwa yeye. Simama, mwanangu, wakuone." (Makofi marefu.)

Nikasimama. Mwanahabari mmoja akaniuliza kule chini kukoje. Nikamjibu kuna giza, kwa maana ndivyo nilivyokuwa naona wakati ule.

Kama wewe ni wakili, au unamfahamu mmoja, usipige simu ya ofisi. Anayeipokea ni shemeji yake Mkurugenzi. Njoo kabla ya Alhamisi, saa ya chakula, dirisha la masijala, uulizie ripoti ya vilindi. Nitakujibu kwa sauti kubwa kwamba haipo. Usiondoke.